Namna ninavyochagua raba hapa Moshi: za mbio, za zamu na za kutunza

Pima miguu yako jioni, baada ya kazi, ukiwa umesimama. Mguu wa asubuhi si mguu wa jioni: kusimama na kutembea kutwa nzima huufanya uvimbe kidogo, na kiatu kilichokukaa vizuri saa tatu asubuhi kinaweza kukubana saa kumi na moja. Weka karatasi sakafuni, gusisha kisigino ukutani, tia alama mbele ya kidole kilichotangulia kuliko vyote (si lazima kiwe kidole gumba), kisha pima kwa rula. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, na kiatu hununuliwa kwa ule mrefu. Andika sentimita hizo kwenye simu. Ndiyo namba ya kwenda nayo sokoni, siyo ile 39 au 42 uliyozoea kuitaja.

Mimi ni nesi hapa Moshi. Nafanya zamu za saa kumi na mbili juu ya marumaru, na siku za mapumziko nakimbia. Zaidi ya hapo, nazipenda raba zenyewe: nazikusanya, nazisoma, najua ipi ilitokana na ipi. Watu wengi hutenganisha mambo haya. Raba ya mbio wanaona ni ya wanariadha, ya kazini ni yoyote ile iliyofunika vidole, na ya kukusanya ni ya kukaa kwenye boksi ikipigwa picha. Kwangu kipimo ni kimoja kwa zote: mguu uikubali, na ivaliwe. Raba isiyovaliwa hufia kabatini, na hilo nitalieleza kwa kirefu huko mbele maana limewapotezea vijana pesa nyingi.

Lebo iliyo chini ya ulimi

Ukifunua ulimi wa kiatu utakuta lebo ndogo iliyojaa namba: US, UK, EUR, na CM au JP. Fuata sentimita. Kila kampuni ina hesabu zake. Nike ya kiume yenye sentimita 27 imeandikwa UK 8 na EUR 42.5. Adidas ya sentimita hizohizo, ambayo yenyewe huandika 270 kwa hesabu ya milimita, ni UK 8½. Kwa hiyo ukimwambia muuzaji "navaa nane" atakupa viatu viwili vyenye urefu tofauti, na wala hatakuwa amekudanganya.

Dada zangu, msiogope fungu la raba za kiume. Nina mguu mpana, na raba nyingi za kike hutengenezwa nyembamba mbele, kwa hiyo jozi zangu nyingi za mbio ni za kiume. Kwa Nike, namba ya Marekani ya kike huizidi ya kiume kwa moja na nusu. Kwa Adidas huizidi kwa moja. Ila ukishajua sentimita zako, huna haja na hesabu hiyo.

Sentimita za kwenye lebo zinakusudia urefu wa mguu, si nafasi iliyomo ndani ya kiatu. Kwa kukimbia mimi huongeza nusu namba, kwa sababu mguu ukikimbia husogea mbele na kupanuka. Mtumba nao huwa umevaliwa, umefuliwa, umeanikwa, na pengine umetanuka au umesinyaa. Kwa hiyo kipimo cha mwisho ni hiki: vuta soli ya ndani itoke, iweke chini, simama juu yake ukiwa na soksi. Mguu usimwagike pembeni, na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi inayotosha upana wa kidole gumba cha mkono. Ukiona nyama ya mguu imepita ukingo wa soli pale karibu na kidole kidogo, hicho kiatu kitakutengenezea sugu hata kiwe kizuri namna gani. Wauzaji wazoefu hawakatai utoe soli ya ndani. Anayekataa, mwache na kiatu chake.

Sokoni Memorial

Raba za mtumba nazitafuta Memorial, na mara mojamoja Kiboriloni. Muuzaji akishafungua gunia hupanga mafungu: za watoto, za kike, zile ambazo vijana huzikimbilia, yaani Jordan, Air Force na Converse, halafu fungu la raba za mbio ambalo halina kelele. Ukitaka kuchagua, nenda asubuhi siku mzigo unapofunguliwa. Ukitaka bei, nenda jua linapokaribia kuzama. Mimi huenda asubuhi, kwa sababu raba ya mbio iliyo hai ya namba 40 hailali pale.

Kabla sijauliza bei naikagua, na muuzaji wangu ameshazoea kunisubiri.

Nageuza soli kwanza. Kulika upande wa nje wa kisigino ni kawaida, maana watu wengi hutua hivyo. Ninachokikataa ni jozi ambayo kushoto kumelika tofauti na kulia, au kisigino kilichokatika mshazari. Naiweka jozi juu ya ubao ulionyooka, nachuchumaa nyuma yake na kutazama visigino vikiwa usawa wa macho. Vikiwa vimelala upande, naiacha hata kama rangi inang'aa. Mwenyewe wa kwanza ameacha mwendo wake humo, na sponji (lile tabaka laini la kati, juu ya mpira wa soli) ikishalala haisimami tena. Gharama italipwa na goti lako.

Halafu kidole gumba. Bonyeza sponji ubavuni, chini ya kisigino na pale vidole vinapoanzia. Sponji hai inabonyea na kurudi. Iliyokufa ama haibonyei kabisa, ama inabonyea na kubaki na kishimo. Tazama pia mistari myembamba ya mlalo kwenye ubavu wa sponji. Ikiwa mingi, imesongamana, na ipo hata kiatu kikiwa hakijabeba mtu, ujue sponji hiyo imeshagandamizwa ikamalizika. Watu hutazama meno ya soli tu wakaona bado marefu wakanunua. Meno yanaweza kuwa mapya na sponji ikawa imekufa miaka mingi, hasa kwa raba iliyotumika kutembelea ndani ya nyumba huko ilikotoka, au iliyokaa ghalani.

Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, usukume ncha juu. Kiatu kikunjike mahali mguu wako unapokunjikia, yaani mwanzo wa vidole. Kikikunjika katikati, chini ya uvungu wa unyayo, kimelegea. Mwisho kikamue taratibu kama unavyokamua nguo. Kikubali kidogo na kikatae kidogo.

Ingiza mkono ndani, upapase kitambaa cha nyuma ya kisigino. Hapo ndipo mtumba unapojificha, kwa sababu macho hayafiki. Kitambaa kikiwa kimetoboka na plastiki ngumu ya ndani inaguswa, malengelenge ni ya uhakika. Fundi anaweza kuweka kiraka, lakini kiraka nacho huacha ukingo.

Na usisahau kulinganisha lebo mbili, ya kushoto na ya kulia. Kwenye magunia jozi huchanganyika. Nimeshakuta raba mbili zinazofanana kila kitu, rangi, mtindo, hata kamba, moja ya sentimita 25 na nyingine 25.5. Muuzaji mwenyewe alikuwa hajui.

Nikupe mfano wa jozi moja niliyoichukua hivi karibuni, Asics Gel-Kayano ya kijivu yenye mistari ya bluu. Kaka aliniambia, "Dada nesi, hii haijagusa lami." Soli ilikuwa imeguswa kidogo tu kweli. Sponji ilirudi vizuri chini ya vidole, lakini kisigino cha kulia kilikuwa na mikunjo mitatu minne ambayo cha kushoto hakikuwa nayo. Nikamwonyesha kwa ukucha, tukatazama wote. Hakubisha. Alianzia elfu hamsini, tukaelewana elfu thelathini na tano, na mimi nikaichukua kwa matumizi ya zamu, si ya mbio. Hiyo ndiyo faida ya kukagua: huachi kiatu kwa sababu kina kasoro, unakipangia kazi inayolingana nacho, na bei inafuata.

Kuhusu feki nitasema machache. Raba za Nike zina namba ya mtindo kwenye lebo, herufi na tarakimu ambazo jumla yake ni sita, kistari, kisha tarakimu tatu za mwisho zinazoonyesha rangi. Iandike kwenye simu utafute picha. Ikija raba nyingine au rangi nyingine, umepata jibu. Namba ikikosekana kabisa, au kushoto na kulia zikitofautiana, simama. Harufu kali ya gundi kwenye kiatu kinachoitwa cha mtumba nayo inasema kitu. Ila kwa anayetaka kukimbia, kiatu feki si suala la heshima tu. Sponji yake mara nyingi ni nzito na haina uhai, na mguu utajua kilomita ya tatu.

Jina kubwa halimaanishi mbio

Vijana wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon hunionyesha Jordan au Air Force wakiuliza kama zinafaa. Hazifai, na si kwa sababu ni mbaya. Air Jordan ya kwanza ilitoka mwaka 1985, Air Force 1 mwaka 1982, Adidas Superstar mwaka 1969, na Converse ile ya turubai ina historia tangu 1917. Zote zilitengenezwa kwa mpira wa kikapu: soli bapa, nzito, za kumsimamisha mtu anayegeuka ghafla uwanjani. Kwa kwenda mjini, kanisani, harusini, zivae kwa raha. Kwa kilomita kumi, miundi itakulalamikia.

Raba za mbio zina majina yake, na ukiyakariri unaingia sokoni ukiwa mbele ya wengi. Nike Pegasus ipo tangu 1983 na bado inatengenezwa. Asics wana Gel-Nimbus na Gel-Cumulus, na wana Gel-Kayano iliyoanza 1993. Brooks wana Ghost na Adrenaline. New Balance wana 880 na 1080. Saucony wana Ride. Hoka wana Clifton. Katika hizi, Kayano na Adrenaline zimejengwa kumshikilia mtu ambaye mguu wake hulalia ndani. Zilizobaki ni za mguu usiohitaji kushikiliwa.

Utajuaje mguu wako? Wengi hufundishwa kulowesha unyayo na kukanyaga sakafu ya simenti, wasome alama. Alama hiyo inakuonyesha kama uvungu wako ni wa juu au umelala, basi, haikuchagulii kiatu. Benno Nigg, mtafiti wa mwendo wa mwili wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, pamoja na wenzake walitoa hoja mwaka 2015 kwamba mkimbiaji akichagua kiatu anachokisikia kuwa cha starehe, mwili wake unakuwa umeshamchagulia njia inayoufaa kukimbia. Mimi naiamini hoja hiyo kuliko alama ya maji. Ukivaa kiatu na mara moja ukaanza kukisikia, kwamba hapa kinagusa, pale kinasukuma uvungu, basi hicho si chako. Usikubali kuambiwa "kitazoea mguu." Ngozi huzoea, raba ya mbio inatakiwa ikubali tangu dakika ya kwanza. Vaa zote mbili, funga kamba, kimbia hatua ishirini pale sokoni bila aibu. Watu watatazama kidogo halafu wataendelea na shughuli zao.

Jambo moja linalosahaulika ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Raba nyingi za zamani zina milimita 10 hadi 12, Hoka nyingi kama 5, na Altra nyingi hazina tofauti kabisa. Kadiri tofauti inavyopungua, kano ya nyuma ya kisigino na misuli ya nyuma ya mguu vinafanya kazi zaidi. Ukihama kutoka kisigino kirefu kwenda kifupi, hama polepole: anza na mbio fupi mara moja kwa wiki, ile raba ya zamani ibaki kwa mbio ndefu.

Halafu kuna raba zenye bamba la kaboni ndani. Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwezi Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya saa mbili na dakika tisa za kukimbia, naulizwa sana kuhusu viatu hivyo. Furaha ile ilikuwa yetu sote na bado naiona. Lakini sponji ya raba hizo ni laini mno na huchoka mapema, imetengenezwa kwa siku ya mashindano. Ukiikuta kwenye mtumba, kuna uwezekano mkubwa mwenyewe aliitoa kwa sababu ilikuwa imeisha. Na kwa mtu anayekimbia taratibu kujenga afya, hakuna anachokikosa.

Njia za Moshi na namna ya kufunga kamba

Mitaa ya Shanty Town ina lami na kivuli, na raba yoyote nzuri ya barabarani inatosha. Msitu wa Rau una mizizi na tope. Huko vaa yenye meno marefu, na wakati wa masika usiingie na soli laini. Kazi kubwa ni njia ya Mweka. Nusu marathoni ya Kilimanjaro hutoka Chuo Kikuu cha Ushirika, hupanda huko juu kisha hushuka kurudi, na kila mtu huwaza mpando. Mimi nakwambia waza mshuko. Ukishuka, mguu huteleza mbele ndani ya kiatu na kucha za vidole zinagonga ncha hatua baada ya hatua. Wodini nimeziona kucha nyeusi za wakimbiaji wiki nzima baada ya mbio. Hoka wenyewe walianza Ufaransa mwaka 2009 kwa sababu waanzilishi wake wawili walitaka kiatu cha kushuka milima kwa kasi. Hivyo tatizo hilo si la Mweka peke yake.

Dawa yake ni lile tundu la mwisho juu kabisa, ambalo watu hudhani ni pambo. Funga kamba kawaida hadi tundu la kabla ya mwisho. Sasa chukua kamba ya kulia uipitishe kwenye tundu la mwisho la upande huohuo wa kulia, ukiacha kitanzi kidogo nje. Fanya vilevile kushoto. Kisha vusha kila kamba upande wa pili na uiingize kwenye kitanzi cha mwenzake. Vuta kwenda chini, si juu, mpaka usikie kisigino kimerudi nyuma na kukaa. Funga fundo. Mbele vidole vibaki huru kabisa. Ukishuka na kamba zilizofungwa hivi utaona tofauti siku hiyohiyo, na hujaongeza shilingi.

Kata kucha siku mbili kabla ya mbio ndefu, si asubuhi ya mbio. Na achana na soksi za pamba tupu, kwani zikilowa zinabaki zimelowa, zinajikunja na kuchubua. Zenye poliesta nyingi hukauka haraka.

Raba za zamu

Kwa walimu, mafundi cherehani, wahudumu wa hoteli, manesi wenzangu, wote tunaosimama: msichague raba laini kuliko zote. Sponji laini kupita kiasi inaufanya mguu utafute mahali pa kusimama muda wote, na jioni misuli ya miundi inakuwa imechoka kwa kazi isiyoonekana. Tafuta sponji inayobonyea kiasi, soli pana chini ya kisigino, mpira usioteleza kwenye sakafu iliyolowa. Kwa kazi yangu napendelea ngozi au ngozi bandia juu, kwa sababu kitambaa cha wavu hunywa kila kinachomwagika.

Uwe na jozi mbili, hata za bei ndogo, uzibadilishe. Jasho la zamu moja halikauki usiku mmoja, na sponji nayo inahitaji muda kurudi. Jozi mbili zinazopokezana hudumu kuliko ukizinunua moja baada ya nyingine.

Kama una kisukari, au mama au baba yako nyumbani anacho, hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika. Mguu wa kisukari unaweza kupoteza hisia bila mwenyewe kujua. Kila asubuhi kabla ya kuvaa, kung'uta kiatu na upapase ndani kwa mkono: kijiwe, msumari uliochomoza, soli ya ndani iliyojikunja. Kila jioni tazama nyayo, na kati ya vidole. Usitembee peku hata uani. Usichukue mtumba ulioshika umbo la mguu wa mtu mwingine. Kidonda kidogo kwenye mguu huo kipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kufua, na kumweleza fundi

Mtumba ukifika nyumbani haupandi mguuni. Toa kamba na soli za ndani. Hizo soli mimi huzitupa na kuweka mpya, kwa sababu fangasi wa miguu hukaa humo. Fua kwa maji ya baridi, sabuni ya kawaida na mswaki laini. Usitumie jiki, hata kwenye raba nyeupe: inalegeza nyuzi na kuacha unjano usiotoka. Jaza magazeti ndani, uyabadilishe yakilowa, na uanike kivulini penye upepo. Jua kali linakausha gundi na kuifanya ipasuke. Ngoja mpaka ndani pawe pakavu kabisa, si juu tu.

Vumbi letu ni jembamba na jekundu, linaingia kwenye wavu na kubaki. Lipigwe brashi likiwa kavu kwanza. Ukilimwagia maji kabla, umetengeneza rangi.

Fundi viatu wetu ni hodari, lakini mazoea yao ni kushona soli kuzunguka kiatu kizima. Kwa kiatu cha shule hilo ni jambo jema. Kwa raba ya mbio, sindano inatoboa sponji, maji yanaingia kwenye matundu, na kiatu kinakakamaa pale kinapotakiwa kukunjika. Mwambie waziwazi: "Fundi, gundi tu, usishone." Asafishe pande zote mbili, apake, aache gundi ikauke kidogo kabla ya kubana, na wewe usirudie kuivaa siku hiyo.

Za kutunza

Sasa kwa wakusanyaji. Ndani ya raba nyingi za zamani, na hata matoleo ya karibuni ya Jordan 3, 4 na 5 au Air Max 95, sponji ya kati ni poliurethani, aina ya plastiki. Unyevu wa hewani huishambulia polepole na kuikata vipandevipande. Kiatu kinaweza kuwa kipya, hakijawahi kukanyaga, kina lebo na boksi lake. Baada ya miaka mingi unakivaa, na soli inabaki chini ikiwa makombo. Muuzaji hakukuibia, wala hukukitumia vibaya. Ni kemia ya sponji yenyewe. Masika yetu yenye unyevu wa wiki nyingi hayasaidii. Sponji ya EVA, iliyomo kwenye raba nyingi za mbio, haivunjiki hivyo, ila huwa ngumu na umri.

Kwa hiyo, kabla ya kununua ya zamani, soma tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo. Nike na Adidas huiweka hapo. Kisha bonyeza sponji karibu na mshono. Ikiacha unga kidoleni au ikinata, hiyo ni ya kutazama tu. Zilizo nzima zivae angalau mara moja kila mwezi, hata kwa kwenda dukani. Zihifadhi penye hewa, mbali na dirisha la jua, na usizifunge kwenye mfuko wa plastiki zikiwa na jasho.

Na uwe na uzi unaounganisha unachokusanya, la sivyo utakuwa na rundo. Uzi wangu ni raba za mbio na undugu wake. Kihachiro Onitsuka alianza kutengeneza viatu Kobe, Japani, mwaka 1949. Kampuni hiyo ndiyo Asics ya leo. Mwaka 1964 Wamarekani wawili, Phil Knight na kocha Bill Bowerman, walianzisha Blue Ribbon Sports wakiuza viatu vya Onitsuka. Bowerman huyohuyo mwaka 1971 alimimina mpira kwenye chuma cha jikoni cha mkewe cha kuokea keki za mirabamiraba ili apate soli yenye meno. Walipoachana na Onitsuka wakawa Nike, na kiatu kimoja walichokitengeneza pamoja kikabaki pande zote mbili: kwa Nike kinaitwa Cortez, kwa Onitsuka Tiger kinaitwa Corsair. Ninazo zote mbili, nimezipata kwa nyakati tofauti kwenye mafungu ya mtumba, kila moja kwa bei ndogo kuliko Air Force iliyokuwa pembeni yake. Nikizivaa mguu mmoja huku na mwingine kule, sebuleni, undugu unaonekana kwa macho.

Weka kumbukumbu. Kwa kila jozi andika tarehe, bei, sentimita na kazi yake. Kwa za mbio ongeza kilomita. Raba ya mbio iliyo mpya huhesabiwa kilomita 500 hadi 800. Ukikimbia 25 kwa wiki, hiyo ni wiki 20 hadi 32. Kwa mtumba mimi huhesabu kwamba nusu imeshatumika na mtu mwingine. Goti au unyayo ukianza kuuma bila sababu mpya, tazama kwanza daftari hilo.

Ikiisha kwa mbio, ishushe kazi: iende zamu kama sponji ya kisigino bado ipo, kisha sokoni, kisha kihambani kwenye migomba, ambako meno yaliyobaki yanatosha. Kabla ya kuitupa kabisa toa kamba uzifue, maana kamba nzuri za bapa hazipatikani kirahisi hapa mjini. Toa na soli ya ndani kama uliiweka mpya. Iko jozi nyingine Memorial inayoisubiri.